Masufuria ya Mama wa Point

Jumamosi asubuhi, pale hospitalini Durban, sisi madaktari tuliokuwa tukijiongezea elimu ya magonjwa ya utumbo, ini na kongosho tuliizunguka hadubini moja yenye macho mengi, kama watu wa sinia moja. Profesa aliweka slaidi bila kutaja umri wala historia ya mgonjwa. Sheria yake ilikuwa moja: mdogo kabisa anasema kwanza, asije akajificha nyuma ya wakubwa. Mdogo kabisa nilikuwa mimi, Mtanzania niliyetanguliza "samahani" kila nilipofungua mdomo. Ee Mungu, nilivyoichukia sheria ile! Leo nikiikumbuka machozi yananilenga.

Nilipanga chumba kule Point, mtaa wa hapo hapo Durban, kwa mama mmoja wa Bukavu. Alinipikia sombe, kisamvu cha kwao, akanigombeza kwa kukonda, halafu akaanza kukonda yeye. Madaktari walipompapasa uvimbe tumboni wakahofia saratani. Mama hakungoja kuambiwa mara mbili. Kabla ya kwenda kulazwa aligawa masufuria yake yote kwa majirani.

"Maiti haipikake, mwana wangu," aliniambia.

Wakampasua, wakakata kipande cha utumbo. Jumamosi iliyofuata nikaitambua namba ya slaidi: ndiyo iliyokuwa kwenye faili la Mama. Nikamwambia profesa, "Huyu ni mama yangu wa hapa mjini. Naomba nitoke."

"Kaa," akasema. "Sema unachokiona, si unachokitaka."

Jamani, mtu mwenye hofu anavitenganishaje hivyo viwili? Niliangalia mpaka macho yakauma. Saratani sikuiona. Niliona seli zimejikusanya mafungu mafungu, katikati zimekufa na kulainika kama jibini. Nikajiuliza, hapa inasema hadubini au inasema sombe?

"TB ya utumbo," nikasema. Bila samahani.

Profesa akaweka slaidi ya pili, iliyotiwa rangi ya kusakia vijidudu vya TB, akaniachia hadubini niiendeshe mwenyewe. Nikatafuta, nikatafuta. Mara huyo! Kijiti chekundu, chembamba, peke yake.

"Eish," akasema aliyekaa kando yangu. Wakubwa wakakubali mmoja mmoja. Chai ya siku ile niliinywa nikilia, sambusa mkononi.

Daktari wake alipokwenda kumpa majibu, niliitwa kutafsiri.

"TB ya tumbo?" Mama akashangaa. "Na mi nilikohoa wakati gani?"

Nikamweleza kwamba atameza dawa miezi mingi, na kwamba atapona. Akajifuta uso kwa kitenge, taratibu, pembe hadi pembe. Kisha akanikazia macho.

"Sasa weye unasimama hapa unafanya nini? Kaende unirudishie masufuria yangu!"

Nikaenda, mlango baada ya mlango. Kila aliyefungua alishika kichwa akidhani nimeleta msiba. Nikasema tu, "Mama anataka sufuria yake." Jirani wa mwisho, dada wa Kirundi, alikuwa na maharage jikoni. Aliyamimina kwenye beseni, akanikabidhi sufuria ingali ya moto, akapiga vigelegele.