Nilimtoa Bibi Kwenye Kona Kavu

Jamani, kosa ni langu, shetani wa watu nisimsingizie.

Mimi nauza mashuka Kariakoo. Mvua za masika zilipojaza maji kule Jangwani, waliokimbia nyumba zao waliwekwa kwenye shule moja karibu na Gerezani. Nikaenda kujitolea. Kwa kuwa nina sauti ya mnadani, kamati ikanipa usimamizi wa kambi: nani alale darasa gani, foleni ya maji, zamu za kupika na kuosha vyoo.

Raha iliyoje! Asubuhi nashika kipaza sauti: “Darasa la Nne, leo jikoni ni nyie. Na jana maharage yalikuwa mawe!” Kambi nzima kicheko. Wakaanza kuniita Mheshimiwa. Na mimi, mjinga, nikavimba kichwa!

Ndipo akaja Rehema na mama yake, wamelowa chapachapa. Akatabasamu tu, “Mambo, kaka?” Loh! Akili ikahama.

Nafasi iliyobaki ilikuwa kwenye darasa linalovuja. Rehema hakuomba chochote. Nilijiongeza mwenyewe! Nikamfuata Bi Tatu, kikongwe mwenye kifua kibovu, aliyekuwa amelala kona kavu kuliko zote.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu.”

“Samahani, kuna agizo kutoka juu. Inabidi uhamie darasa lile la mwisho.”

“Kule si kunavuja?”

“Kidogo tu, bibi.”

Agizo kutoka juu! Juu yangu kulikuwa na bati tu! Bibi wa watu akakunja mkeka wake, akaenda.

Alfajiri mvua ikashuka ya hasira. Kulipokucha Bi Tatu alikuwa anakohoa, midomo inatetemeka, hata kusimama hawezi. Wakampakia kwenye bajaji kumkimbiza hospitali. Mimi nilikuwa wapi? Nampelekea Rehema chai!

Akaniuliza, “Kaka, yule bibi alikuwa analala wapi mwanzo?”

Nikaona hapo ndipo pa kujipatia sifa. “Hapohapo ulipo. Nilikupangia wewe, si unajua tena,” nikamkonyeza.

Akaweka kikombe chini. “Mimi nilikuomba? Unamtesa mzee wa watu halafu unataka nikuchekee?”

Akaita wanakamati, akawaeleza yote mbele yangu. Kisha yeye na mama yake wakabeba godoro lao wakahamia kule kunakovuja. Kipaza sauti kikachukuliwa, nikapelekwa kusugua masufuria. Hakuna aliyeniita Mheshimiwa tena. Walikuwa wananiita Agizo!

Nilikwenda hospitali na machungwa. “Shikamoo, bibi.”

Akanitazama weee. “Marahaba. Na hapa umekuja kunihamisha?”

Wodi nzima ilicheka. Mimi nililia, wallahi, mwanaume mzima! Nikamwambia ukweli wote. Akasema, “Nimesikia.” Hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kumuuliza.

Alipona, Mungu mkubwa, sasa anaishi kwa mwanawe Magomeni. Rehema nilimpigia mara nyingi. Siku aliyopokea alisema neno moja tu: “Usinipigie.”

Ndugu yangu unayesoma, ukipewa madaraka, hata ya kugawa mikeka tu, usiyatumie kutongozea. Unayemtaka atakukimbia, na uliyemwonea atabaki anakuitikia salamu kwa upole. Upole ule, nawaambia, unauma kuliko matusi!