Kanga ya Marehemu Agatha

Dorika wa Makote hakuwa mwizi wala mchawi. Kosa lake lilikuwa moja tu, lakini lilikuwa halimezeki wala halitemeki.

Dada yake Agatha, siku zake za mwisho hospitalini, alimkabidhi kanga aliyombebea mwanawe. "Mdogo wangu, mtunzie Joel." Joel alikuwa na miaka mitatu. Ndugu wa baba yake wakamchukua kwenda kumlea Masasi, na kanga ikabaki sandukuni kwa Dorika.

Ukaja msimu wa mabibo. Kitambaa cha kuchujia uraka, pombe ya mabibo aliyokuwa akiiuza, kikachanika, na wateja wamekaa wanasubiri. "Leo tu," Dorika akasema, akafungua sanduku. Leo gani hiyo! Alichujia kanga ile misimu kumi, na maji ya mabibo hayajui sabuni, mpaka kanga ikaoza akaitupa jalalani.

Sasa Joel, mtu mzima, akapiga simu. Amepata binti, amemwita Agatha, anataka abebwe kwa kanga ya bibi yake. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini aibu haina masikio. Dorika akaenda mnadani Newala, akanunua kanga kuukuu yenye rangi kama ile, akaifua na kuianika mpaka ikapauka.

"Shikamoo, mama mdogo," Joel akasema, amefika Makote na mkewe na mtoto.

"Marahaba, mwanangu."

Joel akaipokea kwa mikono miwili, akajifunika nayo uso, akalia. "Naikumbuka hii," akasema. "Naikumbuka kabisa." Dorika alitamani ardhi ipasuke immeze.

Sabina, mke wa Joel, akamgeukia. "Mama, mbebe wewe kwanza. Wewe ndiye uliyeitunza."

Wakamfunga mtoto mgongoni kwake. Katoto kakajilaza, kakasinzia palepale. Hapo Dorika akashindwa.

"Joel, hii si ya mama yako," akasema, ameinamisha kichwa. "Ile niliichujia uraka. Ikaoza, nikaitupa. Nisamehe, baba."

Joel hakufoka, afadhali angefoka.

"Ilikuwa imeandikwa nini?" akauliza taratibu. "Mama alichagua maneno gani?"

Dorika akafungua mdomo. Darasa la saba alimaliza, kusoma anajua. Misimu kumi ameikamua kanga ile kwa mikono yake mwenyewe, na hakuwahi hata mara moja kuitandaza akayasoma.