Mguu wa Kulia Ni Gia

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Hiyo nimeisema kanisani nikipewa nafasi ya kusalimia watu, nimeisema kwa harusi, na wafanyakazi wangu wameisikia mpaka wanaimalizia kabla yangu. Mimi niliacha shule darasa la sita. Nikaanza na pikipiki ya kukodi pale Kitale, nikibeba watu na magunia, na leo nina mashine tatu za posho, pikapu mbili na nyumba ya ghorofa moja ambayo fundi alisema haiwezekani. Imewezekana. Watu wenye digrii hupanga laini kwangu wakishika debe la mahindi.

Kwa hivyo nikisema kwamba mwaka huu niliogopa, niliogopa mpaka magoti yakakataa kunibeba, ujue sisemi kwa urahisi.

Yote yalianza na sauti. Nikiwa mdogo, bwana shamba alikuwa anakuja kwetu na pikipiki ya silinda moja, ile nzito ya tangi la mviringo, taa moja kubwa mbele kama jicho la ng'ombe. Haikuwa inalia kama hizi bodaboda za leo zinazolia kama nzi ndani ya chupa. Ilikuwa inagonga. Duk, duk, duk, unaweza kuhesabu kila pigo. Tulikuwa tunaisikia akiwa bado ng'ambo ya mto, mama anasema, "Weka maji ya chai, mgeni amefika." Nikajiambia siku moja nitakuwa na hiyo. Nikatimiza miaka hamsini na moja, watoto wamemaliza shule, nikasema siku yenyewe ndiyo hii.

Zilikuwa mbili za kuchagua. Moja ilikuwa mpya, dukani Kitale. Ni ya mwaka huu lakini imevalishwa sura ya zamani: tangi la mviringo, taa ya jicho la ng'ombe, kiti cha ngozi ya kahawia, silinda moja. Aliyeniuzia maneno alikuwa dada mmoja mwenye kucha ndefu nyekundu. Akaniambia, "Niaje mzae. Hii huhangaiki na kiki. Cheki." Akabonyeza kwa ukucha mmoja, ikaamka. Nikasikiliza. Ilikuwa inagonga, ndiyo, lakini kama mtu anayegonga mlango wa ofisi ya mkubwa.

"Imeoga sana hii," nikamwambia.

"Ati imeoga?"

"Sauti. Imeoga, ikapakwa mafuta."

Akacheka. "Mzae, wewe unataka pikipiki ama unataka radio?"

Ya pili ilikuwa ya zamani kweli kweli, Bungoma, upande wa Misikhu. Mwenyewe ni mzee aliyekuwa fundi wa barabara wa serikali, sasa amestaafu, na pikipiki alikuwa ameiweka kwa stoo ya mahindi, imefunikwa blanketi. Alipoipiga kiki ya tatu ikashika, kuku wakaruka, na mimi nikasimama pale kama mtoto wa miaka saba. Ni ile. Duk, duk, duk. Hata harufu ilikuwa ile.

Mke wangu alikuwa nami kote kuwili. Kwao ni Kapsokwony, na alikuwa ameniambia tangu mwanzo: "Yoyote utakayochagua, mimi ndiye wa kwanza kukalia huko nyuma. Nilikalia ile ya shida, siwezi kuachwa na hii ya raha." Nilifurahi aliposema hivyo. Sasa nikikumbuka, naona kwamba pale pale nilikuwa nimewekewa uhai wa mtu mgongoni, na nikacheka tu.

Yule mzee akakubali niichukue siku moja, nimpeleke mke wangu kwao tukasalimie, nirudi jioni nimpe jibu. Pikapu yangu ingebaki kwake. Lakini kabla sijapanda akanishika mkono.

"Kijana wangu, sikiza. Hii si kama hizi zenu. Zamani waligeuza. Mguu wa kulia ni gia. Mguu wa kushoto ndio bleki. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Sema."

"Kulia gia, kushoto breki."

Bado hakuniachia. Akatoa kitambaa chekundu mfukoni. "Funga hii kwa goti la kushoto. Ukiogopa, macho yataona nyekundu, mguu utajua. Mimi nilifunga mwaka mzima."

Nikamcheka, bana. Nikamwambia, "Mzee, nusu ya bodaboda za Kitale ni mimi nilizifundisha. Mimi nifungwe kitambaa kama ndama wa maonyesho?" Mke wangu akaniangalia. Yule mzee akakunja kitambaa chake pole pole, akakirudisha mfukoni.

Kwenda hakukuwa na shida. Tulipita Kimilili, watu wakageuza shingo, mafundi wakatoka kwa vibanda wakisikiliza. Kwa kila kona nilikuwa nafikiria kwanza: kulia gia, kushoto breki. Ukipanda mlima, breki huna haja nayo sana. Tulikunywa chai kwa mama mkwe, tukaomba, tukafungiwa ndizi na parachichi, na saa tisa tukaanza kushuka.

Sasa hapa lazima nieleze kitu ambacho watu wa pikipiki huku kwetu wanakijua na hawakisemi mbele ya polisi. Sisi mlima hatuushuki na injini. Tunatoa gia, tunazima, tunaacha uzito ushuke wenyewe. Tunaita kwenda na fri. Wakati nilikuwa na pikipiki ya kukodi, fri ndiyo ilikuwa faida yangu. Ukishuka Kapsokwony na fri, ukishuka Cheptais na fri, jioni kunabaki kitu kwenye tangi, na hicho ndicho kilikuwa unga. Mke wangu nimemshusha na fri akiwa na mimba ya mtoto wa kwanza. Ilikuwa kazi, na nilikuwa naijua kuliko mtu yeyote. Miaka mingi imepita, sijawahi kukosa mafuta tena, lakini tulipofika pale mteremko unapoanza, sikuwaza. Mkono ulifanya. Nikatoa gia, nikazima.

Ikanyamaza. Ile sauti niliyoitafuta miaka arobaini, mimi mwenyewe nikaifunga mdomo.

Kwanza ilikuwa tamu. Upepo, na mashamba ya kabeji yanapita pembeni. Halafu nikaona mwendo umekua haraka kuliko nilivyozoea. Ile pikipiki ni nzito kama ng'ombe wa maziwa, na tulikuwa wawili na ndizi. Nikaminya breki ya mkono. Ikashika, ikapunguza, nikaachia, ikakimbia tena. Nikaminya tena. Mara ya tatu ikawa laini, laini kama mkate uliolowa chai. Hapo ndipo baridi ilianza, hapa, katikati ya mgongo, halafu ikashuka kwa miguu.

"Baba watoto," mke wangu akasema nyuma, sauti ndogo. "Punguza."

Tuliingia kona, tukatoka, na mbele kulikuwa na ng'ombe upande wa kulia anakula majani. Ng'ombe hakuwa shida. Shida niliiona nikiwa nimeshakaribia: alikuwa amefungwa kwa kigingi upande wa kushoto, akavuka barabara kufuata majani, na kamba yake ilikuwa imenyooka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kwenye usawa wa magoti. Kamba ya katani, imekazwa. Niliiona inang'aa. Nikaona pia kitu ambacho bado nakiona hata nikiwa mezani nakula: ile kamba ikitushika, mimi ningeweza kubaki nimeng'ang'ania usukani, lakini aliye nyuma yangu hana cha kushika ila mimi.

Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Na mguu niliokanyaga nao ulikuwa wa kulia.

Chuma kikalia. Gia iliingia kwa injini iliyolala, gurudumu la nyuma likafunga papo hapo, na mkia wote wa pikipiki ukatoka upande kama mtu amevutwa kanzu. Nilijua nimekosea na mguu haukutoka. Hicho ndicho kinaniogopesha mpaka leo. Kichwa kilikuwa kinapiga kelele, "Kushoto! Kushoto!" na mguu wa kulia ukazidi kukanyaga, kwa sababu miaka thelathini niliufundisha hivyo, na ulikuwa unanitii vizuri sana.

Tulilala upande, tukateleza, tukaingia mtaroni. Kulikuwa na majani marefu na matope. Hatukufika kwa kamba. Zilibaki kama hatua nne.

Ng'ombe akatuangalia, akaendelea kutafuna. Mimi nilikuwa nimelala chali, naona mawingu, na sikuthubutu kugeuka. Nilikuwa naogopa kugeuza shingo kuliko nilivyoogopa kamba. Nilisikia parachichi zikiviringika barabarani, moja moja, zikishuka mlima. Nikazisikiliza hizo kwa sababu sikutaka kusikiliza kama kuna mtu anapumua.

"Baba watoto."

Sijawahi kusikia jina langu likiwa tamu hivyo, na hata si jina.

"Upo?" nikauliza.

"Niko. Kiatu kimekatika."

Goti lake lilikuwa limechubuka na mkono umeparuzwa, basi. Mimi nilijaribu kusimama, magoti yakakataa. Nikakaa kwenye matope, mimi mwenye ghorofa. Mwenye ng'ombe akaja mbio, mama mmoja amebeba jembe, akatupa pole, akakunja kamba yake haraka haraka. Mke wangu akanisubiri nitulie. Halafu akauliza, bila hasira, na heri angekuwa na hasira:

"Ulikuwa umezima?"

"Nilikuwa nimezima."

"Ulikuwa unaokoa nini?"

Akauliza tena, "Mafuta ya pesa ngapi?" Halafu akavua kiatu cha pili, akakishika mkononi, akaanza kushuka mlima kwa miguu peku. Hakukubali kupanda. Nilimfuata nyuma nikisukuma kile chuma, kanyagio limepinda, taa imevunjika, mpaka tulipopata pikapu ya kabeji ikatubeba sote watatu, sisi na pikipiki.

Yule mzee wa Misikhu alizunguka pikipiki yake mara moja. Akaangalia matope kwa suruali yangu, akaangalia miguu ya mke wangu.

"Kulia?" akauliza.

"Kulia, mzee."

"Nilijua. Sura yako haikuwa ya mtu wa kufunga kitambaa." Akavuta kiti akampa mke wangu, akaita ndani maji ya moto yaletwe. Halafu akanigeukia. "Bado unaitaka?"

Niliitaka. Sitadanganya. Hata ikiwa imevunjika taa niliitaka. Lakini nilipofungua mdomo, magoti ndiyo yalijibu. "Hapana, mzee. Nitatengeneza nilichoharibu, lakini hapana."

Wiki iliyofuata nikarudi Kitale kwa dada wa kucha nyekundu. Nilidhani woga nimeuacha Misikhu na ile ya zamani. Mpya ina gia upande niliozoea, breki zake zina kompyuta, gurudumu halifungi hata ukanyage vipi. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza tu, "Na mtu akizima akiwa anashuka?"

Akaacha kutabasamu. "Mzae, ukizima ufunguo, hiyo kompyuta nayo inalala. Unabaki na breki ya kawaida tu. Kwani nani anazima pikipiki ikitembea?"

Mke wangu alikuwa amesimama kando yangu. Alitazama dirishani.

Tulipofika nje akaniambia sharti lake. Nitashuka ule mlima peke yangu, injini ikiwaka, gia ya pili, kutoka juu hadi pale tulipoanguka. Yeye atasimama pale kwa ng'ombe asikilize. Akiisikia sauti mwanzo hadi mwisho, atapanda. Ikinyamaza hata kidogo, nitafute mtu mwingine wa kubeba.

Jumamosi nikaenda na ile mpya, nimeshailipia. Nilimkuta pale mtaroni, amekuja na matatu, nikapanda juu peke yangu, nikageuza. Nilikaa kwenye kiti cha ngozi ya kahawia pengine robo saa. Watu waliokuwa wakipita walinisalimia, "Sasa, mkubwa," nikawainulia mkono kana kwamba nafurahia hewa. Mwishowe nikatia gia.

Kwa kona ya kwanza, mkono wangu uliondoka kwenye usukani. Sikuutuma. Niliuona unakwenda kwenye ufunguo, taratibu, kama mkono wa mtu anayezima taa ya nyumbani kwake. Vidole vilishagusa. Nikapiga kelele, mimi mtu mzima, barabarani: "Wacha!" Ukarudi. Kwa kona ya pili ukataka tena, nikaubana usukani mpaka vidole vikauma. Injini ilikuwa inaguna chini yangu, duk, duk, ile sauti iliyooga, na niliishika masikioni kama mtu anayeshika kamba ndani ya kisima. Nikaufikia mtaro. Majani yalikuwa bado yamelala. Nikasimama mbele yake nikiwa na jasho mpaka kwa soksi.

Mke wangu alikuwa amefunga kofia yake ngumu, na miguuni viatu vipya alivyojinunulia soko la Kapsokwony akaniambia nilipe. Akaweka mkono kifuani pangu, pale moyo ulipokuwa unagonga kwa nguvu kuliko pikipiki zote mbili.

"Huu haujaoga," akasema. Akapanda.

Nimewahi kuhesabu baadaye. Yale mafuta niliyookoa siku ile hayafiki shilingi thelathini. Na nikijumlisha pikipiki mpya, kanyagio na taa ya yule mzee, kofia mbili na vile viatu, jibu la swali la mke wangu lilinigharimu shilingi laki tano, elfu thelathini na sita, mia mbili na hamsini.