Wali wa Shangazi

Jumapili iliyopita mjukuu wangu alitupeleka kula, mimi na mdogo wangu, katika hoteli moja hapa Kiomboi, karibu na stendi ya mabasi. Tulikuwa tumetoka kanisani. Meza za plastiki, redio inapiga kelele, msichana wa kuhudumia amebana simu sikioni kwa bega. Wali ukaja, na kuku wa kienyeji, na kachumbari pembeni. Mimi nilikuwa nafuta miwani kwa ncha ya kitenge, na nilichukua muda, maana macho yangu siku hizi yanataka kubembelezwa.

"Babu, mbona huli?" mjukuu akamwuliza mdogo wangu. "Chakula kinapoa hicho."

Nikainua kichwa. Mdogo wangu, mzee mwenye mvi, aliyeozesha mabinti na kuzika mke, alikuwa amenawa mikono, ameiweka juu ya magoti, ananitazama. Hakuniharakisha. Alikuwa anangoja nionje kwanza, kama alivyongoja maisha yake yote.

Mjukuu akacheka, akasema wazee mna mambo. Mbele yangu niliona sahani nyingine ya wali, benchi la mbao za masanduku, na mtoto mwenye koti kubwa anameza mate.

Nikusimulie basi, maana huenda nawe ulikuwa na hoteli yako ya namna hiyo.

Zamani za Mwingereza, miaka ile ya vita, neno hoteli halikuwa na maana ya mahali pa kulala. Hoteli yetu ilikuwa nyumba ya udongo, nusu imeezekwa nyasi, nusu madebe yaliyopondwa yakawa bapa, ikitazamana na njia ya mnadani. Ndani mlikuwa na meza moja na mabenchi mawili. Mwenyewe alikuwa mama mmoja wa Kiislamu kutoka Tabora, mjane, mnene, mwenye sauti ya kumwita mtu akiwa ng'ambo ya korongo. Sukari ilikuwa imeadimika kwa ajili ya vita, kwa hiyo chai yake aliitia asali, asali nyeusi ya mizinga ya huku kwetu, yenye harufu ya moshi na mara nyingine bawa la nyuki likielea juu. Wageni walilalamika. Sisi tulidhani ndivyo chai inavyonywewa duniani kote.

Baba alikuwa ametangulia. Mama alifuata msimu wa palizi, akaniachia mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiyo kwanza meno ya mbele yalikuwa yamemng'oka, na kitindamimba, msichana, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Nilikuwa darasa la tatu. Sikurudi shule tena. Kibao changu cha kuandikia nilikifanya kifuniko cha mtungi wa maji, na kwa kazi hiyo kilifaa sana. Mama hakuacha wosia mrefu. Alisema tu, "Muwe pamoja," akageukia ukutani.

Kuna jambo moja lazima ulijue. Nyumbani kwetu, kama katika nyumba nyingi za huku, mdogo hatii mkono katika chakula mpaka mkubwa aonje. Mama alikuwa na maneno yake juu ya hilo: "Mkubwa ndiye wa kuungua ulimi." Kama uji una moto, au mlenda umechacha, shida imkute mkubwa kwanza. Mama alipokufa, ukubwa huo ulinishukia mimi. Hata kikombe cha maji, wale wawili walikitazama tu mpaka nigusishe mdomo.

Kila Jumamosi nilimpelekea mama wa hoteli kuni, kisha nikamtwangia uwele mpaka mabega yakawaka. Hakunilipa siku hiyo. "Kazi ya Jumamosi huliwa Jumapili," alikuwa akisema. Basi Jumapili, baada ya kanisa, tulikuwa wageni wake. Tulikaa benchi la ukutani, mimi huku, mdogo wangu kule, kitindamimba katikati, miguu yake haifiki chini. Mama wa hoteli alikuja na mwiko mkononi, akasimama kama karani.

"Waheshimiwa, leo mtakunywa chai au mtakunywa chai?"

"Chai!" kitindamimba akajibu kila mara, kana kwamba amechagua.

Ilikuja katika vikombe viwili vya bati kwa watu watatu, pamoja na vitumbua vya unga wa uwele vilivyokaangwa kwa samli, kingo zake zikivunjika kwa sauti mdomoni. Palikuwa na viazi vitamu pia, na karanga za kuchemsha. Moshi wa kuni ulitoka jikoni ukatusalimia machoni. Nje kuku walipigania makombo, na kando ya mlango fundi cherehani, ambaye hakuwahi kufunga kazi hata Jumapili, alimngoja mdogo wangu apite na koti la marehemu baba, mikono imekunjwa mara nyingi.

"Aa, koti limefika! Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe yumo ndani, ana njaa," mdogo wangu alijibu, na hoteli nzima ikacheka. Kila wiki maneno yale yale, na kila wiki walicheka.

Nilikuwa nikionja, kisha wanakula, nami nawatazama. Wiki nzima ilikuwa ni maji, kuni, jembe na kuamka kumfunika huyu na yule. Saa ile moja nilikuwa mtoto kama wao. Nisikufiche: niliipenda Jumapili ile kuliko nilivyopenda ibada iliyoitangulia.

Halafu shangazi akaja.

Alikuwa dada wa baba, ameolewa na mwalimu kule Kilimatinde. Alikuja kwa lori, amevaa viatu, amebeba kikapu, na alipotuona uani alikaa chini kwenye vumbi na gauni lake zuri, akalia. Hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo tangu mwanzo. Mungu hakuwa amempa mtoto. Usiku alizungumza na baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu ukoo mzima, akamwomba mtoto wa kiume akasome. Baba mdogo alisema yeye hana neno. Ila akaongeza, "Muulize dada yao. Yeye ndiye anayewalea. Akikubali, chukua."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Shangazi alitoka kanisani pamoja nasi, akaja nasi hotelini, akakaa benchi la mbele yetu. Mama wa hoteli hakuuliza habari ya chai. Shangazi alikuwa ameshaagiza mapema, na kilicholetwa kilikuwa wali. Wali mweupe, mchele wa mbugani Wembere, na juu yake paja la kuku linang'aa mafuta. Sisi wali tulikuwa tumeula Krismasi, tena kwa jirani. Sahani iliwekwa mbele ya mdogo wangu, na mvuke wake ukampanda usoni.

"Kula, mwanangu," shangazi akamwambia.

Mdogo wangu alinitazama.

Shangazi aliona. Adabu ile ilitoka kwa mama yake yeye, bibi yetu, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Akanigeukia mimi, sauti yake chini kabisa.

"Mwanangu, sikuja kuwanyang'anya. Huko kuna shule, kuna mwalimu ndani ya nyumba. Atalala kitandani. Atakuja kuwaona. Mimi siwezi kumbeba kwa nguvu, na wewe huwezi kusema mbele za watu, najua. Basi onja. Ukionja, nitajua umeniruhusu, naye atakula, na kesho asubuhi lori litatuchukua."

Watu waliacha kutafuna. Hata cherehani ilisimama. Kitindamimba alinyoosha kidole kwenye wali, nikamshika mkono.

Kulikuwa na punje chache tu kati yangu na shule ya mdogo wangu. Nilitazama benchi letu. Nikaona Jumapili ijayo, mimi huku, kitindamimba katikati, na kule hakuna mtu. Nikaona fundi cherehani anatafuta koti la kutania. Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya paja, na ulibaki hapo.

"Onja, mama," shangazi akasema tena. Aliniita mama.

Mdogo wangu alimeza mate. Nilisikia koo lake. Kisha akaisukuma sahani kidogo, kwa ncha ya kidole, akasema, "Mimi nimeshiba, shangazi." Chai ilikuwa bado haijaletwa.

Shangazi alingoja mpaka mvuke ukaisha juu ya wali. Hakunigombeza. Alisimama, akafunga vizuri kilemba chake, akanishika kichwani kama mtu anayebariki. "Kuleni," alisema. "Chakula hakina kosa." Akatoka, na kutoka mlangoni nilimwona anakwenda peke yake kwenye njia ya mnadani, kikapu mkononi.

Hapo ndipo nilipoonja. Chakula hakitupwi, na watoto walikuwa na njaa. Wali ulikuwa umepoa, mafuta ya kuku yameganda kidogo pembeni, na ulikuwa mtamu, ndugu yangu. Ulikuwa mtamu kuliko kitu chochote nilichowahi kutia mdomoni. Tulikula wote watatu, tukalamba vidole, kitindamimba akaimba. Mama wa hoteli alikuja kuchukua sahani, akaikuta haina hata punje. Alinitazama, akaenda nayo jikoni.

Watu walinisifu. Baba mdogo alisema mbele ya wazee, "Binti yule ni jiwe." Nami niliwajibu wote kuwa nilishika neno la mama, tuwe pamoja. Ni kweli, nililishika. Tulikaa pamoja mpaka kitindamimba alipoolewa Misigiri, na hata huko alikokuja kufia, mimi na mdogo wangu tulikuwa kila mmoja upande mmoja wa kitanda. Lakini mama hakusema lolote juu ya benchi. Benchi lilikuwa langu mimi, na saa yangu moja ya Jumapili.

Mdogo wangu alichunga ng'ombe wa watu. Baadaye alitundika mizinga, akawa mrina asali hodari, mikono yake mpaka leo ina makovu ya miiba. Hajui kusoma. Akipewa cheti cha dawa hospitali ananiletea, na mimi na darasa langu la tatu tunahangaika nacho, mpaka mjukuu apite. Kila anaponikabidhi karatasi, nainama haraka nisimtazame.

Shangazi hakuja tena, ila kila alipopata mtu wa kumtuma alituletea salamu na kipande cha sabuni. Nilikwenda Kilimatinde mara moja, kwa msiba wake. Niliona shule, kuta za mawe, madirisha marefu. Nilisimama nje nikachagua dirisha, nikasema angekaa pale. Kisha nikarudi msibani kuosha vyombo.

Hoteli ya udongo haipo. Mama wa Tabora alirudi kwao akiwa mzee, nyumba ikaanguka mvua moja kubwa, na leo mahali pale wanauza vocha na chaja. Chai ya asali nimejaribu kuipika nyumbani, haitoki. Labda ni moshi, labda ni vikombe viwili kwa watu watatu. Watoto wa siku hizi wanatia mkono kwenye sahani mtu mzima bado anavuta kiti, na nikiwatazama siwakatazi. Wale tu.

Basi Jumapili iliyopita, miwani mkononi, redio inapiga kelele, nilimwuliza mdogo wangu swali ambalo sijawahi kumwuliza.

"Siku ile ya wali wa shangazi. Ulitaka kwenda?"

Hakushangaa. Alitazama sahani yake, akatazama mikono yake juu ya magoti. Mjukuu aliuliza, "Shangazi gani?" Nje basi la Singida lilipiga honi, likaondoka, na mdogo wangu alilisikiliza mpaka sauti yake ikapotelea huko chini.

"Onja, dada," akasema. "Wali unapoa."

Nikaonja.