Jiwe la Kumpasha Chatu

Wiki iliyopita nilikwenda Igoma kwa mjukuu wangu. Asubuhi anauza chapati, jioni anacheza ngoma ya nyoka na wenzake, na chatu wa kikundi anakaa kwake. Kamtengenezea sanduku lenye kioo, ndani kaning'iniza taa. Inawaka mchana kweupe!

"Ya nini hiyo?" nikauliza.

"Bibi, hata marahaba hujaitikia! Ni ya joto. Mawingu haya yanampoza, hataki kula."

Wewe ungecheka. Mwanza hii ya kulala bila shuka, nyoka awashiwe taa! Mimi sikucheka, maana nimelea chatu, na nimemuunguza.

Nililelewa na babu, kule Usagara ya huku huku Mwanza. Babu alikuwa mcheza nyoka, na chatu wake alikaa kwenye mtungi mkubwa, karibu na mahindi ya mbegu. Wenzangu walichunga ng'ombe, mimi nikachunga chatu. Jua likipanda tulimlaza juu ya mwamba bapa nyuma ya nyumba, nami nikakaa kando natafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kufukuza kuku. Nilipenda kumgusa. Asubuhi alikuwa baridi kama mtungi wa maji, saa sita vuguvugu kama kiazi kilichoanza kupoa. Nilishangaa kiumbe gani huyu anayeazima joto lake nje.

Siku za mawingu babu alipasha jiwe pembeni mwa moto, akalibandika tumboni kwake mwenyewe, akatulia kama anayesikiliza. Akiridhika alilifunga kwenye gunia na kulitia mtungini.

Mwaka mmoja, siku tatu kabla ya ngoma ya mavuno, upepo wa ziwani ulivuma na jua halikuonekana. Babu alikuwa na msiba wa jirani, akaniachia kazi ya jiwe. Nikalipasha, nikalishika, nikaona liko sawa, nikalitia.

Babu aliporudi akamtoa chatu. Tumboni alikuwa na kidonda kirefu kama kidole. Muda wote alikuwa amelala palepale juu ya jiwe.

"Ulilipima wapi?"

"Mkononi, babu."

Akakigeuza kiganja changu, akakitazama. Nilikuwa naepua vyungu tangu nikiwa mdogo. "Mkono huu umeshazoea moto," akasema. "Hauwezi kukwambia kitu."

Nikamuuliza kwa nini chatu hakusogea.

"Hilo sijui. Muulize mwenyewe."

Siku ya ngoma babu alicheza na jembe begani badala ya chatu. Kundi la kushindana nasi lilikuja na chatu wao, watu wote wakahamia huko. Mmoja wao akapaza sauti, "Mzee, wako leo kaenda kliniki?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Babu akajibu, "Amelala," akaendelea kucheza mbele ya watu wachache, mimi nikiwa mmoja wao. Angeweza kuninyooshea kidole. Hakunyoosha siku ile wala siku nyingine, na heri angenichapa.

Chatu alipona, akabaki na alama nyeupe. Babu ametangulia zamani. Mtungi ulipasukia wapi sijui, na ule mwamba umepondwa kokoto, umo kwenye kuta za watu nisiowafahamu. Nilikwenda mwaka jana nikakuta shimo lina maji ya mvua.

Basi nikamwambia mjukuu wangu aipime taa ile.

"Nimepima, bibi. Kwa kiganja."

"Kiganja cha kugeuza chapati? Tia shavu."

Akainama chini ya taa, palepale anapolala chatu. Hakukaa sana. "Mh! Inachoma!" Akaipandisha juu, tena bila kubishana, jambo ambalo si kawaida yake.

Alipokwenda kutafuta misumari, nikasogea kwenye kioo. Nikamuuliza yule chatu kwa Kisukuma, taratibu, kwa nini mwenzake yule wa babu hakusogea. Akatoa ulimi, akaurudisha, akanitazama. Nikavuta kigoda nikakaa. Sina haraka.