Watoto: Sifuri

Si kweli kwamba marehemu Gervais Ntirandekura alikufa bila mtoto, wala si kweli kwamba mkewe, Séverine, alilea watoto wa wanaume watatu. Maneno hayo yalianzia kwenye ubao wa matangazo wa kanisa, vitabu vya ubatizo vilipokwisha kuingizwa kwenye kompyuta na orodha ya familia ikabandikwa. Kwenye mstari wa Gervais, aliyekuwa katekista miaka thelathini, paliandikwa: Watoto: 0.

Séverine, mwalimu mstaafu, alitoka mtaani kwake Nsemulwa kwa miguu hadi ofisi ya kanisa, akiwa amevaa kitenge cha Jumapili, ingawa ilikuwa Jumanne.

"Kompyuta inapanga familia kwa jina la mwisho, Mama Sixte," karani Minza alimweleza. "Baba ni Ntirandekura. Watoto, mmoja Ndayisenga, mwingine Nzeyimana, mwingine Ndayizeye. Imewaona wageni."

"Kwetu Warundi kila mtoto hupewa jina lake, kufuatana na yaliyompata mzazi siku zile."

"Nyie kiboko. Sisi Wasukuma tungepotezana." Minza alicheka, kisha akapunguza sauti. "Niwaandike wote Ntirandekura? Dakika mbili tu, sifuri inaondoka, midomo inafungwa."

Séverine alivuta kitabu cha ubatizo kilichokuwa mezani. Mwandiko ule uliolalia kushoto ulikuwa wa Gervais mwenyewe. Ndayisenga, yaani namwomba Yeye, Mungu: Sixte alizaliwa baba yake akiwa hoi kwa homa, na jina lilikuwa ndiyo sala yenyewe. Alipitisha kidole juu ya mistari bila kugusa karatasi. Tangu mazishi hakuna aliyeyatamka majina hayo nyumbani. Watoto wenyewe wanaishi Kigoma, Dodoma na Dar es Salaam. Hupiga simu Jumapili, na Jumapili nyingine husahau. Kwa nyumba ya Nsemulwa, sifuri ile haikudanganya sana.

"Usibadilishe hata herufi," alisema. "Piga picha ukurasa mzima, mwandiko wake uonekane, uiweke kwenye mstari wake."

"Picha itaingia, mama. Lakini huko ubaoni sifuri itabaki."

"Ibaki."

Jirani yake Doto alikuwa akimsubiri langoni pa nyumba yake, ungo wa mchele mapajani.

"Mwalimu, wamekurekebishia?"

"Majina aliwapa baba yao, na aliyaandika kwa mkono wake. Zaidi ya hapo sisemi."

Akaingia ndani.