Mulinzi wa Mabuye ya Radio

Ule mwaka tulikula mateke, ile mizizi kama viazi, asubui na mangaribi, maana maharagi yote ilioza mu shamba. Nyumba yetu ya masomo ilipata radio, na ndani yake mama mumoja wa mujini alikuwa anafundisha hesabu. Mabuye ya kuipa nguvu, zile betri, ikichoka, mwalimu aliipanga inje juu ya jiwe, ipate jua.

Mimi nilikosa nafasi ya kukaa ku banc ndani. Mwalimu akasema: "Wewe linda mabuye, mbuzi zisiiangushe." Nilijivuna! Bila mimi ile radio ingenyamaza. Lakini wenzangu walikuwa ndani, bega kwa bega, na mimi peke yangu na ile harufu ya mabuye yenye moto.

Siku moja mama wa radio akauliza: "Watoto, saba na tano ni ngapi?" Ndani, wenzangu wakahesabu vidole. Nikaingia mbio: "Kumi na mbili!"

Wakacheka. "Mulinzi wa mbuzi anajibu radio!"

Mwalimu akasema: "Njo vile, jibu ni kumi na mbili. Sasa rudi inje."

"Sirudi inje."

"Basi rudi kwenu."

Nikarudi kwetu, na mateke iko ku moto.

Leo mujukuu wangu ameleta wenzake mu nyumba na tablette ya masomo. Panneau ya kuipa nguvu iko mu jua, waya yake inanuka kama yale mabuye.

Mujukuu akaniambia: "Tate, kaa inje ulinde panneau, mbuzi zisiipindue. Sisi tunafuata somo ya internet."

Nikavuta kiti yangu katikati yao.

"Sirudi inje."